Adhabu ya Mwizi wa Zabibu

"Amekamatwa!"

Redio alilitoa neno hilo kabla makalio yake hayajagusa benchi. Zamani alikuwa tarishi wa ofisi. Sasa amestaafu, lakini kazi ya kupeleka habari imekataa kustaafu naye. Kwapani alibana kiredio kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kila alichokisikia humo alikifikisha kijiweni kikiwa kimeshaongezwa chumvi.

"Nani kakamatwa?" aliuliza Kiraka, fundi viatu, bila kuinua macho kutoka kwenye soli.

"Mwizi wa zabibu!"

Sindano ya Kiraka ilisimama. Mzee Buli, muuza kahawa, alimimina kahawa nje ya kikombe. Ndani ya kiduka cha ushonaji, cherehani ya Bwana Shamba ilinyamaza. Na Wembe, kinyozi, aliyekuwa mwisho wa benchi akisubiri mteja, alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

"Wa... wapi huyo?" Wembe aliuliza.

"Mbali huko! Mji wenyewe nimeusahau. Jamaa kavizia jirani zake wameenda harusini, kaingia uani, kala zabibu mpaka tumbo likagoma. Ukuta wa kurudia kwake kashindwa kuupanda. Wenyewe wanarudi, wanamkuta kalala chini ya mti, mdomo wa zambarau! Wanamuuliza, anasema eti alikuja kuazima ngazi!"

Mbali huko. Benchi zima lilipumua, kisha wakaangua kicheko kikubwa kuliko kichekesho chenyewe.

Ili uelewe kwa nini watu wazima wanne na fundi mmoja wa nguo waliishiwa pumzi kwa habari ya mji wasioujua, tazama juu ya benchi lao. Bwana Shamba ni fundi cherehani na shamba hana. Ila miaka michache nyuma alikuja na kijiti kikavu, akakichimbia pembeni ya duka, akasema ni mzabibu. Walimcheka wiki nzima wakambandika jina. Kijiti kikatoa majani, kikapanda nyaya alizozivuta kutoka paa lake hadi ukuta wa kinyozi, na hatimaye kikaezeka kichochoro chote. Kabla ya hapo kijiwe kilikuwa kinahamahama na benchi lake kukimbia jua, asubuhi ukuta huu, mchana ukuta ule. Kivuli kilipotulia, nao wakatulia.

Mwaka wa kwanza mti ulitoa majani matupu. Mteja mmoja akamwambia fundi aupogoe bila huruma, naye akaukata mpaka ukabaki mifupa. Majeraha yalidondosha maji siku kadhaa, Kiraka akatangaza kwamba mti unajililia wenyewe na akataka watu wavue kofia. Kumbe ulikuwa unajipanga. Msimu huu vichala vilining'inia mpaka juu ya mlango wa Wembe. Ndege wakaja, nyigu wakaja. Bwana Shamba akakusanya mabaki ya vitambaa, akashona mifuko, akakivisha kila kichala mfuko wake na kuufunga kwa uzi. Juu ya vichwa vya watu pakaning'inia mapazia, sare za shule na bitana za makoti, na wapita njia wakawa wanauliza kama hapo ni nyumba ya mganga.

Mtu mmoja tu hakuupenda mti huo, naye ndiye mwenye nyumba hasa: Mama Pacha, mke wa Bwana Shamba. Majani yalimwagika uani kwake. Matone ya zambarau yalitua kwenye mashuka yake meupe. Jua la kuanikia nguo alilipata kwa kuviziana nalo. Akatoa kauli yake mbele ya kijiwe kizima: siku ya mavuno analeta beseni lake la kufulia. Likijaa zabibu, mti unabaki. Lisipojaa, panga, na hapo inapita kamba ya nguo.

Kila mtu aliyajua masharti hayo. Wembe aliyajua vizuri kabisa, na bado alikula.

Alianza kwa nia njema. Zabibu si ndizi, ukiikata mbichi haikuivii kabatini, inabaki na ukali wake mpaka mwisho. Lazima mtu aonje. Mfuko wa pazia la bluu ulikuwa juu ya mlango wake, akaonja moja. Kesho yake akaonja nyingine, kuhakikisha ile ya jana haikumdanganya. Alipokuja kushtuka, mfuko ulikuwa umebaki na vikonyo, umelegea mbele za watu. Akaujaza nywele alizofagia sakafuni, akaufunga kwa fundo lilelile, akajiambia mfuko mmoja katika mifuko yote ile ni kitu gani? Beseni litajaa tu.

"Sasa," alisema Redio, akishusha kiredio mapajani, "hakimu anatoa hukumu wiki ijayo. Mimi nauliza benchi: mwizi wa zabibu apewe adhabu gani?"

Hapo ndipo ungeona watu wenye uchungu na mali ya wenzao.

"Huyo avuliwe viatu!" Kiraka alirusha kobazi chini. "Atembee peku. Mawe yamjue, miiba imjue. Atembee mpaka aote kwato!"

"Wewe unamhurumia," alisema Mzee Buli. "Mnyime kahawa. Umkalishe hapa, wenzake wanakunywa, mvuke unampita puani, yeye anameza mate. Siku ya tatu atakiri na makosa ya babu yake."

"Mzee, hiyo ni kumtesa binadamu," alisema Redio.

"Zabibu za watu alizila kibinadamu?"

"Basi mimi ningemziba mdomo," alisema Redio. "Haongei. Ana habari, anakaa nayo. Ana umbea, unamwozea tumboni."

Hiyo wote waliiona kali.

"Na wewe Wembe? Leo mbona mpole?" Kiraka alimgeukia. "Umeguswa nini?"

"Niguswe na nini?" Wembe aliinuka, maana mtu aliyesimama hutetemeka kwa uhuru zaidi. "Mlete kwangu! Namnyoa upande mmoja. Huku para, huku msitu. Apite mitaani hivyo, watoto wamsome!"

Wakapigiana viganja. Bwana Shamba naye alitoka dukani, utepe wa kupimia shingoni. "Nyie wote mnacheza. Mwizi wa matunda alale nje. Abishe hodi, mkewe asimfungulie. Abishe hata kwa paji la uso!"

"Mwenye mali kasema!" Redio alipiga makofi.

Dirisha la juu ya duka lilifunguka kwa kishindo. Mama Pacha alichomoza, shati limebanwa begani kwake kwa pini ya usalama.

"Na aliyeiba vibanio vyangu vya nguo mmhukumu huyohuyo! Vimeyeyuka vyote. Naanika kwa pini kama nafunga nepi! Nani hapo chini anataka vibanio?"

"Shemeji, sisi tuvifanyie nini vibanio?" alisema Kiraka. "Mimi nina suruali moja, haianikwi, inakaukia mwilini."

"Tena huyo mwizi wenu wa zabibu, adhabu zenu zote za kitoto. Mngenipa mimi! Ningemwambia, tunda umelila tamu, haya, na majani yake fagia. Asubuhi na jioni, mpaka mti uzeeke au azeeke yeye." Alivuta pumzi. "Haya, nakuja na beseni. Mavuno ni leo. Mawifi zangu wanakuja kesho, nataka niwapikie jemu wafunge midomo."

Dirisha lilijifunga.

"Leo?" alisema Bwana Shamba kwa sauti ya mtu aliyepimiwa nguo isiyo yake.

"Shemeji anaharakisha," alisema Mzee Buli. "Zabibu zingengoja. Angekausha juani, zabibu kavu hazina haraka."

"Kavu zinasinyaa, beseni litajaa lini?" alisema Kiraka. "Juisi ndiyo mpango. Ukikamua, nani atajua zilikuwa ngapi?"

"Siki," alisema Redio. "Unatumbukiza kwenye mtungi, unaziba, unasahau. Miezi inapita. Wote tunasahau."

Mama Pacha alitokea mlangoni na beseni. Wembe alikuwa amesahau ukubwa wake. Lilikuwa beseni la kuogeshea mapacha, wote wawili kwa mpigo. Kwa mkono mwingine alishika panga, akaliegemeza ukutani taratibu, akalipangusa vumbi kwa ncha ya khanga.

"Nani anakata?"

Mikono yote ilipanda juu.

"Mimi nitakata ule wa bitana, pale kwenye kona," alisema Redio.

"Mimi ule wa khaki tu," alisema Kiraka. "Mingine kateni nyie."

"Mimi mzee, nipeni huu wa karibu na jiko langu. Wa maua."

"Mke wangu, ule wa mistari juu ya duka ni mzito, utakuchafua, niachie mimi."

"Mimi huo wa bluu mlangoni kwangu," alisema Wembe, "nisije nikasumbua watu."

Mama Pacha aliwatazama mmoja mmoja. "Kila mtu na mfuko wake? Mmegawana lini? Hapana. Anakata mmoja. Wembe, wewe una mkasi na mkono wako hautetemeki. Panda ngazi. Ila ule mweupe wa dirishani kwangu acha, nitaukata mwenyewe."

Wembe alipanda. Moyoni alimshukuru Mungu, maana mwenye mkasi ndiye mwenye kusahau. Angekata yote, wa bluu ungempita machoni kwa bahati mbaya. Mifuko ya kwanza ilikuwa ya haki kabisa. Vichala vilitoka vimebanana, vyeusi, na ukungu mweupe juu ya ngozi. Beseni likaanza kuficha sakafu yake. Bwana Shamba alitabasamu kidogo.

Kisha Wembe akakata mfuko wa khaki. Ulikuwa mzito. Akafungua uzi, akauinamisha. Vikadondoka visigino vya viatu, raba zilizoliwa upande, na ulimi mmoja wa buti.



"Huyu ndege," alisema Mama Pacha polepole, "anavaa namba ngapi?"

"Shemeji, nilikuwa naonja kama zimeiva," alisema Kiraka.

"Na zilikuwa zimeiva?"

"Zile za mwisho, sana."

Mzee Buli ndiye aliyecheka kuliko wote. Alicheka mpaka akashika mbavu, akacheka mpaka Wembe alipoinamisha mfuko wa maua na machicha meusi ya kahawa yakamwagika puu beseni zima. Kicheko kilikatika kama bomba lililofungwa.

"Mzee wangu!" Mama Pacha alishika kiuno. "Mzee wa heshima zako!"

"Uzee una tamaa zake, mwanangu," alisema Buli akitazama kikombe.

Redio alikuwa ameshaanza kujiondoa, hatua ndogondogo, kama mtu anayekumbuka ameacha jiko linawaka. Mfuko wa bitana ukashuka. Zikaanguka betri chakavu, ko, ko, ko, moja baada ya nyingine.

"Betri!" alipiga kelele Kiraka, amefurahi kupata mwenzake. "Nani mwingine mtaa huu ana betri? Nani?"

"Zilikufa, nikakosa pa kuzizika," alisema Redio.

Sasa ukabaki mfuko wa mistari, juu ya duka. Bwana Shamba alitazama chini. Wembe alitamani kuuruka, kwa kweli, maana mtu kushona mifuko yote ile kwa mkono wake kisha aumbuke mbele ya mkewe si jambo la kutazama. Lakini Mama Pacha alikuwa anaonyesha kidole. Vikatoka vipande vya vitambaa na vifungo, hata vile vya gauni la bibi mmoja aliyekuwa akividai tangu mwezi uliopita.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Zabibu zako mwenyewe. Kwa nini ujaze vifungo?"

"Nilikuogopa wewe," alisema Bwana Shamba.

Mama Pacha alimgeukia Wembe. "Na huo wa bluu? Mbona umeuzunguka kama deni?"

Hakuna haja ya kusimulia nywele. Zilipepea, zilitua juu ya zabibu, juu ya kahawa, nyingine zikamwingia Redio mdomoni, akazitema akitaja jina la mteja kwa rangi yake.

Beseni lilikuwa limejaa hadi mdomoni.

"Shemeji," alisema Redio, "kwa kusema kweli ulisema lijae. Hukutaja..."

"Maliza hiyo sentensi."

Mama Pacha akalichukua panga.

Wembe, juu ya ngazi, alilitazama benchi kwa mara ya kwanza kutoka upande wa mti. Kumbe lilikuwa limepinda katikati, palepale anapokaa Kiraka, ambaye tangu afiwe na mkewe huja hapa kabla jua halijatoka na huondoka taa zikiwashwa. Kivuli kikienda, kila mtu atarudi mlangoni kwake. Buli atauza kahawa akizunguka, Redio atamsimulia nani? Wembe aliumia, aliumia kweli, na kilichomuuma zaidi ni kwamba kivuli hicho walikuwa wamekila wenyewe, punje kwa punje, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Mkono wake ukatafuta pa kushika ngazi isiyumbe. Ukashika mfuko mweupe wa dirishani.

"Huo acha!" Mama Pacha alipiga kelele.

Lakini mfuko ulishalia. Ulilia kijiti kwa kijiti. Zabibu hazilii hivyo. Wembe aliubonyeza tena, ukalia tena, kijiwe kizima kikasikia. Akavuta uzi.

Vibanio vya nguo vilianguka juu ya beseni. Vya mbao, vya plastiki, chekundu kimoja, kingine kimevunjika mguu.



"Mama Pacha," alisema Mzee Buli kwa upole mkubwa, "vibanio vimepatikana."

Mama Pacha akasema, kwa sauti ndogo ambayo kijiwe hakikuwahi kuisikia kwake, "Nilikuwa naonja kama zimeiva."

Bwana Shamba ndiye aliyeanza. Alijitahidi kuzuia, mabega yakamsaliti. Wakacheka wote mpaka wapita njia wakasimama.

"Kimya!" Wembe alisema kutoka juu, mkasi hewani. "Hukumu zilishatoka kwa vinywa vyenu wenyewe. Mimi nusu para, haya. Kiraka vua viatu. Mzee, kahawa utamimina, hunywi. Redio, funga. Bwana Shamba, benchi hili hapa, ndiyo kitanda. Na shemeji, ulisema nini? Majani, asubuhi na jioni, mpaka mti uzeeke." Akamwelekezea mkasi. "Ukiukata leo, utafagia nini?"

Mama Pacha alilitazama panga. Akautazama mti, kisha lile beseni.

"Sawa," alisema. "Nimeshikwa, nitafagia. Lakini nisikilizeni. Huyo mwenzenu wa redioni, siku akiachiwa tu, na sisi wote tumeachiwa. Nyie vaeni viatu vyenu, mimi naweka ufagio chini na nachukua panga. Mahakama ikisamehe, sina cha kufagia."

Akaliacha panga ukutani, wazi, kila mtu alione.

Jemu ilipatikana, baada ya kuchambua nywele kwa moyo mkunjufu. Ilitosha kikopo kimoja. Mawifi walikiramba mpaka chini, wakauliza kuna nyingine? Mama Pacha akasema ndege wa mtaa huu ni wakubwa.

Wiki iliyofuata kijiwe kilikuwa kama wodi. Kiraka alikuwa akishona viatu vya watu huku vidole vyake vikipunga upepo. Mzee Buli alimimina, akanusa, akageuza uso. Bwana Shamba alikuwa amejikunyata upande mmoja, shuka mabegani, mgongo umeshika alama za mbao. Wembe alikuwa hajapata mteja, maana nani ampe kichwa kinyozi aliyenyolewa hivyo? Na Mama Pacha alikuwa akifagia, akinung'unika, akilikaribia panga kila alipogeuza ufagio.

Redio alikuwa amekaa karibu na Wembe, kiredio kimegandamizwa sikioni, mdomo umebanwa. Ghafla aliruka. Macho yalimtoka. Akaonyesha kiredio, akaonyesha mdomo wake, akapiga paja, akazunguka.

"Anaumwa tumbo?" aliuliza Kiraka.

Wembe alimvuta akakaa, akasogeza sikio upande ule wenye nywele. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilisikika. Yule mwizi wa zabibu, mwenye mali amemsamehe mbele ya hakimu. Kesi imefutwa. Tena, walipotoka nje, akamwazima na ngazi.

Mkono wa Wembe ulipanda taratibu kwenye upande wake wa para. Leo hii angeweza kumalizia upande wa pili. Redio alishafungua mdomo, habari imefika kwenye meno, shingo imevimba.

Wembe alitazama tu ukutani, kwenye panga. Redio akafuata macho yake. Kisha akatazama juu, kule vikonyo vipya vilikoanza kujikunja kwenye nyaya, na baada yake akamtazama Kiraka na miguu yake mitupu.

Akameza. Tangu azaliwe, hiyo ilikuwa habari yake ya kwanza kuimeza, na ilimshuka kwa taabu, donge likionekana.

"Anasema nini huyo redioni?" aliuliza Mama Pacha, ufagio umesimama.

Wembe alizima kiredio.

"Hali ya hewa, shemeji. Wanasema jua mwaka huu litakuwa kali sana."

Redio aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga, na benchi zima likajisogeza kidogo ndani ya kivuli.